Mtungi uliookolewa bila sakafu yake: uchambuzi wa kisa kutoka Mainz

Mwaka 1976, ujenzi kwenye eneo la Ballplatz, katikati ya mji wa Mainz, Ujerumani, ulilifikia hekalu la Kirumi la mungu Mithra. Hekalu hilo liliharibiwa kabla ya kuchimbwa kitaalamu. Vitu vichache viliokolewa, na kati yake ni vigae ambavyo baadaye viliunganishwa vikawa mtungi mmoja. Mtungi huo ndio kisa chetu.

Majina ya watu nimeyaacha nje. Aliyesimamia ujenzi, aliyeviunganisha vigae, wasomi waliobishana juu ya maana yake: wote watatajwa kwa kazi zao tu, maana anayejifunza hahitaji kujua nani wa kulaumiwa. Mji nimeutaja. Mtungi wenyewe hauna mwenzake popote, na kuuficha kungekuwa sawa na kumfunika tembo kwa kanga.

Usuli

Mainz ilianza kama kambi. Warumi waliiita Mogontiacum na waliiweka mwaka 13 au 12 KK kandokando ya mto Rhine, mpakani mwa milki yao. Baadaye ikawa makao makuu ya jimbo la Germania Superior. Palipo na kambi ya jeshi pana mishahara, na penye mishahara pana wafanyabiashara, watumwa, watumwa waliopewa uhuru, na miungu ya kila aina iliyofika kwenye mizigo yao. Wanajeshi na makarani wa aina hiyo ndio waliokuwa uti wa mgongo wa ibada ya Mithra.

Ibada hii ni moja ya zile zinazoitwa ibada za siri. Neno "siri" lisitupeleke kwenye uchawi. Maana yake ni kwamba hukuzaliwa ndani ya dini hiyo kama ulivyozaliwa raia wa mji wako. Uliingizwa kwa mafunzo na majaribu, na uliyoyaona huko hukuyatoa nje. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana, kwa sababu lugha yetu ina maneno yake tayari: mwari, kungwi, jando, unyago. Nitayatumia. Sisemi kwamba Warumi na Wazaramo ni ndugu, ila maneno haya yanabeba maana sawasawa, na kuyaacha ili nizungushe maelezo marefu ni kujitafutia kazi.

Waumini wa Mithra walikuwa wanaume watupu, katika vikundi vidogo. Walikutana kwenye vyumba vilivyojengwa mfano wa pango, mara nyingi nusu yake chini ya ardhi: njia nyembamba katikati, mabenchi mapana ya kujiegemeza pande mbili, na mwisho wa chumba sanamu ya Mithra akimchinja fahali. Walikuwa na ngazi saba, na tunazijua kutokana na barua ya Hieronimo, padre wa karne ya 4, na kutokana na sakafu ya hekalu moja la Ostia, bandari ya kale ya Roma, ambako alama za ngazi hizo zimepangwa kama vidato: Kunguru, Bwana Arusi, Askari, Simba, Mwajemi, Mkimbiaji wa Jua, na juu kabisa Baba.

Hawakutuachia kitabu. Tunachojua kinatoka kwenye mawe, kwenye vyungu, na kwenye maneno ya watu wa nje ambao wengi wao hawakuwapenda. Justino, Mkristo aliyeandika katikati ya karne ya 2, anasema kwamba katika ibada zao huwekwa mkate na kikombe cha maji pamoja na maneno fulani, na kwamba yote hayo ni mapepo kuwaiga Wakristo. Huyo ni shahidi mwenye chuki, lakini ni shahidi.

Yaliyotokea

Mainz ilipigwa mabomu vibaya tarehe 27 Februari 1945, na miongo iliyofuata ilikuwa ya kujenga upya. Katika mji kama huo, ukichimba msingi katikati ya mji, koleo linagonga Roma. Limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hatari iko hapohapo, katika mazoea. Sheria ya jimbo la Rhineland-Palatinate ya kulinda kumbukumbu za kale, ambayo ndiyo msingi wa utaratibu wa sasa, ilipitishwa Machi 1978. Hekalu la Ballplatz liliguswa miaka miwili kabla.

Ujenzi uliendelea. Kuta, mabenchi na tabaka za sakafu ziliondoka na kifusi. Viliokolewa vile ambavyo mkono unaweza kuvibeba.

Halafu kukapita miaka mingi ya kimya. Vigae vya mtungi viliunganishwa, na maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 1994, yaani miaka 18 baada ya kuonekana. Mwaka 2000 msomi mwingine, aliyekuwa amebobea katika elimu ya nyota ya ibada hii, alitoa tafsiri ndefu ambayo hadi leo ndiyo inayotajwa zaidi. Kitabu kinachokusanya hekalu zima, pamoja na vitu vingine vyote vilivyonusurika, kilitoka mwaka 2008. Mpangilio huo wa tarehe tuuweke akilini: kwanza mtungi, kisha tafsiri, na mwisho kabisa mahali ulipotoka.

Mtungi wenyewe

Ni chombo cha mdomo mpana, cha jamii ya vile ambavyo Wagiriki na Warumi walichanganyia mvinyo na maji karamuni. Udongo wake ni wa kundi linaloitwa vyombo vya Wetterau, kwa jina la nyanda zilizo kaskazini mwa Frankfurt ya leo, ng'ambo ya mto. Amebandikwa nyoka wa udongo, na ndiyo maana Wajerumani huuita "mtungi wa nyoka". Kuuzunguka kuna watu saba walioinuka juu ya uso wa chombo, kiasi kwamba anayeupokea mtungi gizani angewahisi kwa vidole kabla ya kuwaona.

Saba hao wako katika mandhari mbili.

Upande mmoja kuna watatu. Mzee mwenye ndevu ameketi. Amevaa kofia ya Kiajemi, ile ile anayovaa Mithra katika sanamu zake, na amevuta upinde. Mshale unamwelekea mtu aliye mbele yake, naye yuko uchi, umbo lake ni dogo kuliko wenzake, mikono ameiinua. Nyuma ya huyo wa uchi amesimama wa tatu, mkono juu, kama mtu aliye katikati ya sentensi. Hata asiyejua neno moja la Kilatini anaweza kuwagawia majina: Baba, mwari, na kungwi.

Upande wa pili kuna wanne wanaotembea. Mmoja ni askari aliyevaa dirii. Mmoja ana taji lenye miali na mjeledi mkononi, na hivyo ni vyombo vya kazi vya Jua mwendesha farasi. Huyu ndiye Mkimbiaji wa Jua, ngazi ya sita. Wawili waliobaki wameshika fimbo, mmoja fimbo yake inatazama chini, mwingine inatazama juu.

Kinachoshangaza si uzuri wake. Katika sanaa ya Mithra tumezoea kuona matendo ya mungu: Mithra anazaliwa kutoka mwambani, Mithra anamburura fahali, Mithra anakula na Jua. Nakshi za namna hiyo zimepatikana kwa mamia kuanzia Uingereza hadi Syria. Hapa tunaona watu wakiifanya ibada. Mfano mwingine mkubwa ni michoro ya ukutani ya hekalu la Santa Maria Capua Vetere, Italia, lililogunduliwa mwaka 1922, ambako mwari wa uchi amefungwa kitambaa machoni na mtu amesimama nyuma yake akimsukuma. Michoro hiyo ni ya baadaye kuliko mtungi, na imechakaa. Mtungi wa Mainz umewekwa kati ya miaka 120 na 140 BK. Kwa ibada ambayo alama zake za kwanza zinaonekana mwishoni mwa karne ya 1, hapo ni mwanzo mwanzo kabisa.

Maamuzi manne na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa mfinyanzi, au wa aliyemwagiza. Watu huuruka huu kana kwamba mtungi ulijifinyanga. Kuna mtu alikaa na mtaalamu wa udongo akamweleza: huyu aketi, huyu awe uchi, fimbo hii ishuke, ile ipande. Hicho si chombo cha kununuliwa sokoni. Na ajabu ni kwamba dini iliyofunga mdomo wake kiasi hicho iliiweka siri yake juu ya chombo kinachopita mikononi. Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni haya: mtungi haukutoka nje ya chumba. Ndani ya chumba, kila aliyeuona alikuwa ameshapitia mshale ule, au alikuwa karibu kuupitia. Kwa aliyekwisha pita, picha ni kumbukumbu. Kwa aliye nje ni mzee anayecheza na upinde.

Mwenye kujua vinyago vya udongo vya jando na unyago vya huku kwetu, kwa mfano vya Usambaa, atalielewa jambo hili upesi. Kinyago kina wimbo wake, na bila wimbo ni donge la udongo lenye umbo la kobe au la mtu. Kungwi ndiye mwenye wimbo. Yule wa tatu kwenye mtungi, mwenye mkono juu, anasema kitu, na alichokisema ndicho hatukupata.

Uamuzi wa pili ni wa mwaka 1976: kuokoa vitu na kuliacha hekalu lipotee. Ni rahisi kukaa leo na kukasirika. Lakini yeyote aliyewahi kusimama kwenye eneo la ujenzi anajua jinsi siku inavyohesabiwa kwa fedha pale. Anayeokota vigae kwenye hali hiyo anafanya chaguo la busara kwa kiwango chake, kwa kuwa anachukua kinachobebeka. Tatizo ni kwamba sakafu haibebeki.

Uamuzi wa tatu ni wa kuchapisha mtungi peke yake mwaka 1994 bila kungoja hekalu zima. Sababu inaeleweka: chombo cha pekee kilikuwa kimekaa miaka 18, na kukizuia zaidi kungekuwa kukinyima ulimwengu. Matokeo yake tutayaona hapa chini.

Uamuzi wa nne ni wa wafasiri: kuchagua matini gani ya kale iwe ufunguo. Hapa ndipo penye darasa kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa mandhari ya upinde, ufunguo ulikuwa wazi. Kati ya matendo ya Mithra yanayochongwa mara kwa mara kuna lile ambapo ameketi, anapiga mshale kwenye mwamba, na maji yanatoka. Mtu mmoja amepiga magoti mbele ya mwamba kuyapokea, na mwingine yuko nyuma ya Mithra. Ukutani mwa hekalu la Santa Prisca mjini Roma kuna mstari wa wimbo unaoiita chemchemi hiyo kuwa iliyofungiwa mwambani na iliyowalisha ndugu pacha kwa nekta, kinywaji cha miungu. Kwa hiyo Baba kwenye mtungi anamwigiza Mithra. Ila angalia badiliko: mwamba haupo. Mahali pa mwamba amesimama mtu. Aliyemwagiza mfinyanzi alijua tofauti hiyo, na inatuambia kwamba mwari alichukua nafasi ya jiwe ambalo kutoka kwake uhai unabubujika. Pia aliogopa, bila shaka. Wasifu wa Kaisari Commodus, ulioandikwa baadaye sana, unasema kwamba kaisari huyo aliichafua ibada ya Mithra kwa kuua mtu kweli, pale ambapo kwa desturi husemwa au hufanywa jambo la kutia sura ya hofu tu. Mshale uliovutwa bila kuachiwa unaingia vizuri kwenye maneno hayo.

Kwa mandhari ya msafara kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mfasiri wa mwaka 2000 alichukua maneno ya Porfiri, mwanafalsafa wa karne ya 3, anayesema kwamba pango la Mithra ni mfano wa ulimwengu, na kwamba ndani yake vitu vimepangwa kwa vipimo vinavyowakilisha sehemu za mbingu. Kutoka hapo alisoma msafara hivi: Mkimbiaji wa Jua anatembea katikati ya pango kama Jua linavyotembea katikati ya nyota kwa mwaka mzima. Wenye fimbo ni watu wanaoigiza wafuasi wawili wa Mithra, Cautes wa mwenge unaotazama juu na Cautopates wa mwenge unaotazama chini, yaani kupanda na kushuka. Kwa tafsiri hii msafara hauelezei mafundisho. Msafara ndio mafundisho, kwa miguu.

Matokeo

Mtungi sasa unatajwa karibu kila mahali ambapo mtu anaeleza jinsi mtu alivyoingizwa katika ibada ya Mithra. Picha ya Baba mwenye upinde imekuwa ushahidi wa kwanza unaotolewa. Hekalu lenyewe limebaki orodha ya vitu na ramani yenye mapengo.

Mainz yenyewe ilibadilika. Mwishoni mwa mwaka 1999, wakati wa kujenga jengo la maduka, palipatikana patakatifu pa Isis, mungu wa kike wa Misri, na Mama Mkuu wa miungu. Safari hii wananchi walipiga kelele. Patakatifu pakahifadhiwa, na tangu mwaka 2003 mtu anayekwenda kununua viatu juu anaweza kushuka chini ya jengo akaona misingi yake. Kwa kuwa palichimbwa kwa utaratibu, zilipatikana hata sadaka zilizoungua, tini na tende, na vibati 34 vya risasi vilivyoandikwa laana. Mtu mmoja anamlaani aliyemdhulumu mali, mwingine anawalaani maadui wote kwa jumla. Vingezolewa na kifusi, vibati hivyo vingekuwa vyuma chakavu.

Kilichofaa

Udongo ulibeba tarehe yake. Kwa kawaida chombo kilichotolewa nje ya tabaka lake kinapoteza umri wake, kwa kuwa umri unasomwa kutoka kwenye sarafu na vigae vilivyolala nacho. Vyombo vya Wetterau vilitengenezwa kwa kipindi kifupi mwanzoni mwa karne ya 2. Mfinyanzi alipochagua udongo na rangi ile, aliupiga muhuri mtungi bila kujua. Kwa hiyo hata bila sakafu, miaka 120 hadi 140 inasimama. Mtungi ungekuwa wa shaba, tungebaki tunabahatisha.

La pili, waliookoa hawakuchukua vigae vya kupendeza peke yake. Vigae vidogo visivyo na umbo vilichukuliwa pia, la sivyo mandhari mbili zisingekamilika. Hili linaonekana dogo, lakini nimeona makusanyo mengi ambamo mashikio na midomo ya vyungu vimejaa, na matumbo yake hayapo, kwa kuwa kigae cha tumbo hakina sura. Siri ya mtungi huu ilikuwa tumboni.

La tatu, tafsiri ya upinde ni kazi safi. Ilianza na kitu kilichoonekana kwenye udongo, ikaenda kwenye mawe yenye tendo lile lile, ikafika kwenye matini mwishoni. Kila hatua msomaji anaweza kuirudia mwenyewe.

Kilichoharibika

Funguo zote ni changa kuliko kufuli. Porfiri aliandika zaidi ya karne moja baada ya mtungi kutoka tanurini. Wasifu wa Commodus ni wa baadaye zaidi. Michoro ya Capua ni ya baadaye. Kwa mandhari ya upinde hilo halituumizi sana, kwa sababu tendo la kwenye jiwe linatosha lenyewe. Kwa msafara linauma. Ukimwondoa Porfiri, unabaki na watu wanne wanaotembea, mmoja ana mjeledi, wawili wana fimbo.

Na hapa ndipo sakafu inapohitajika. Tafsiri ya msafara inasema pango limepimwa kama mbingu na watu wanatembea ndani yake kwa njia ya Jua. Dai la namna hiyo linaweza kupimwa. Huko Ostia, hekalu linaloitwa la Tufe Saba, kwa maana ya tufe za mbinguni ambamo sayari hutembea, lina alama za nyota zilizochorwa kwa vijiwe kwenye mabenchi, sita huku na sita kule, na nusu duara saba kwenye njia ya katikati. Pale unaweza kusimama, ukatembea, ukaona kama hatua za Mkimbiaji wa Jua zinaingia. Mainz mtungi upo na njia haipo. Ostia njia ipo na mtungi haupo. Hekalu la Ballplatz lilikuwa mahali ambapo viwili hivyo vingeweza kukutana, picha ya msafara na njia iliyopitwa na msafara. Kilichopotea mwaka 1976 ni uwezo wa kuikataa au kuithibitisha tafsiri ambayo ilikuwa haijazaliwa bado.

Mpangilio wa kuchapisha ulizidisha hasara hiyo. Kuanzia mwaka 1994 hadi 2008, miaka 14, mtungi ulisomwa kama kitu kinachoelea. Mjadala ukajenga nyumba yake juu ya picha na Porfiri, na kitabu cha hekalu kilipofika, nyumba ilikuwa imeshaezekwa. Ningekuwa mhariri wakati ule, ningedai angalau orodha fupi ya vitu vilivyookolewa pamoja na mtungi, hata kurasa tano, itoke siku moja nao.

Kuna pia mtego wa namba saba. Watu saba, ngazi saba. Mkono unawasha kumpa kila mmoja ngazi yake. Baba yumo, Mkimbiaji wa Jua yumo, Askari yumo. Lakini baada ya hao watatu unaanza kulazimisha. Mwari wa uchi awe Kunguru? Hana bawa wala mdomo wa ndege. Mwenye fimbo awe Simba? Hana dalili yoyote ya simba. Mfinyanzi aliyejali kumwekea Jua miali na askari dirii asingeshindwa kumwekea simba manyoya.

Kulinganisha na shimo la Tienen

Ili tuone sakafu ina thamani gani, twende Ubelgiji. Mjini Tienen, mwaka 1998, wanaakiolojia walichimba hekalu la Mithra la karne ya 3 na kukuta shimo kubwa lililojazwa mabaki ya karamu moja. Vyungu vyake ni vya kawaida, vya wafinyanzi wa palepale: vifuniko, bakuli, vyetezo. Hakuna Baba wala upinde. Kama vingeletwa makumbusho bila shimo lao, vingewekwa stoo.

Lakini shimo lilikuwa kamili. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya kuku wasiopungua 285, wengi wao majogoo, wana-kondoo 14 na vitoto vya nguruwe 10. Kwa umri wa wanyama hao, wataalamu waliweza kusema kwamba karamu ilifanyika mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kipindi ambacho Jua liko juu kabisa. Hesabu ya majogoo inazidi mno chumba cha watu ishirini au thelathini, kwa hiyo karamu ilikaribisha watu wa nje pia. Ibada ya siri, na pilau la wote uani! Jambo hilo hakuna mwandishi wa kale aliyetuambia. Limesemwa na mifupa ya kuku, kwa sababu iliachwa ilale palepale ilipotupwa.

Ukiniuliza ni kipi kati ya viwili kimebadilisha zaidi tunavyowaelewa waumini wa Mithra, moyo unasema mtungi wa Mainz, lakini mkono unaandika vifuniko vya Tienen. Mtungi ulitupa picha ya jambo tulilokuwa tumeshalishuku. Shimo lilitupa jambo ambalo hakuna aliyelishuku.

Nyoka

Nimebaki na kitu kimoja, ambacho hakikupewa nafasi ya kutosha kwenye mjadala wa nyota. Porfiri huyo huyo anasema pia kwamba kwa Mithra mtungi wa kuchanganyia umewekwa mahali pa chemchemi. Lisome neno hilo ukiwa umeshika mtungi wa Mainz. Ubavuni Baba anapiga mshale wa chemchemi, na picha hiyo imewekwa juu ya chombo ambacho chenyewe ni chemchemi. Aliyeinua mtungi ule kunywa, baada ya kuokoka na mshale, alikunywa kilichotoka mwambani. Ikiwa Justino alisema kweli kuhusu kikombe cha maji, basi hata kinywaji kinaingia mahali pake.

Na katika nakshi nyingi za mawe za bonde la Rhine, chini ya fahali anayechinjwa, kuna mtungi mdogo, simba pembeni, na nyoka anayetambaa kuufuata. Mchongaji wa jiwe alilazimika kuuchora mtungi ili nyoka apate pa kwenda. Mfinyanzi wa Wetterau hakuwa na haja hiyo. Alimfinyanga nyoka tu na kumbandika, kwa kuwa mtungi alikuwa nao mkononi.